Kulala Porini: Kambi za Wawindaji Baina ya Handeni na Korogwe

Mwindaji wa kwanza anayekumbukwa kwa jina katika nchi hii hakuwa na hema. Ni Mbegha, mtu wa Ngulu, mwindaji wa nguruwe, aliyefukuzwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, meno yake ya juu yakiwa yametangulia kuota. Habari zake tunazipata kwa Abdallah bin Hemedi, aliyeziandika kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 katika Habari za Wakilindi. Mbegha alitoka Ngulu, akakaa Kilindi, akavuka mto Ruvu ambao leo wengi huuita Pangani, akapanda milima ya Usambaa na mbwa wake na silaha zake. Ukiifuata njia hiyo kwenye ramani ya leo utatoka upande wa Handeni na kuingia upande wa Korogwe. Mwisho wake ulikuwa Vuga, ambako alifanywa mfalme, na uzao wake ukatawala milima ile kwa vizazi vingi.

Wengi huisoma hadithi hiyo kwa ajili ya ufalme. Mimi huisoma pia kwa ajili ya kambi. Masimulizi ya Usambaa humtaja Mbegha akikaa pangoni pamoja na mbwa wake, moto ukiwaka, na watu wa jirani wakauona moshi na kwenda kutazama ni nani huyo. Wakakuta nyama, wakapewa, na urafiki ukaanza hapo. Pango lilimkinga mvua. Moto ulimkinga baridi na mnyama. Mbwa walikuwa masikio yake alipofumba macho. Kila mtu aliyekuja kulala katika mapori haya baada yake amelazimika kutafuta vitu vinavyofanya kazi hizo hizo, na historia ya mahema ya Handeni na Korogwe kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliolipia paa fedha nyingi wakasahau kilichoko chini ya mgongo wao.

Katika karne ya 19 bonde la Ruvu lilikuwa njia kubwa ya misafara. Wafanyabiashara wa Pangani walipanda nayo kwenda Upare, Kilimanjaro na Umasai kutafuta pembe za ndovu, na Mazinde, kwa Semboja mwana wa mfalme Kimweri, kulikuwa mahali pa kupumzikia, pa kununulia chakula, na pa kulipia hongo, yaani ushuru wa njia. Msafara wa namna hiyo uliwinda ulipokuwa ukitembea, kwa sababu nyama ya porini iliokoa vitambaa ambavyo vingetolewa kununua chakula. Mkubwa wa msafara alikuwa na hema, mara nyingi la merikani, ile pamba iliyoletwa na meli kutoka Massachusetts hata ikapewa jina la nchi yake. Merikani ilivaliwa, ilikuwa fedha, na ikishonwa ilikuwa nyumba. Lakini ilikuwa nyembamba, na mvua ya masika haikuchelewa kupenya.

Wapagazi walilala kwa namna nyingine. Jioni, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alipotua mzigo wake, kila kundi lilikwenda kukata fito na nyasi, na kabla jua halijazama vibanda vilikuwa vimesimama kwa duara, migongo nje na milango ndani. Nje ya duara wakaweka matawi ya miiba. Mpagazi alikuwa tayari amebeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake akaongeza mkeka wake, sufuria na posho. Hakuwa na nafasi ya kubeba paa. Paa lake lilikuwa ujuzi: kujua nyasi zipi hazivuji na mti upi una fito zinazopindika bila kuvunjika.

Kambi iliyoachwa na msafara mmoja ilikuwa kishawishi kwa msafara uliofuata. Vibanda vipo, boma lipo, majivu yapo, maji yako karibu. Kwa nini ujenge upya? Jibu lake ni mdudu. Papasi, jamaa wa kupe asiye na macho na mwenye ngozi kama ya tende kavu, hukaa katika nyufa za udongo na vumbi la vibanda vya zamani. Mchana humwoni. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, akingoja mgeni. Siku kadhaa baadaye mgeni huyo hushikwa na homa kali, inakatika, anamshukuru Mungu, halafu inarudi, na kurudi tena.

Watu wa njia za misafara waliijua homa ya papasi muda mrefu kabla ya maabara kuijua. Mwaka 1905 Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja Afrika Mashariki ya Wajerumani kuichunguza. Aliwafuata papasi katika vituo vya misafara, akawapasua, akafanya kazi pia Amani katika milima ya Usambaa ya Mashariki, na akaonyesha kwamba vijidudu vya homa hiyo huingia hata katika mayai ya papasi, hivyo mtoto wa papasi anaweza kuzaliwa na ugonjwa tayari. Wakati huo huo watafiti Dutton na Todd walikuwa wamefikia jambo hilo kwa upande wao huko Kongo, na Dutton alikufa kwa ugonjwa huo huo. Ushauri uliotoka katika kazi hiyo ulikuwa mwepesi: usilale katika vibanda vya kituo, piga hema mbali kidogo kwenye ardhi safi, lala juu ya kitanda. Mnyapara yeyote mzoefu angemwambia daktari hayo bila darubini. Hata hivyo darubini ilisaidia, kwa sababu watawala walimsikiliza Koch na hawakuwa wamemsikiliza mnyapara.

Wageni wa mwanzo hawakuwa na bahati ya kusikia lolote kati ya hayo. Februari 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipanda kutoka Pangani kwenda Vuga kumwona Kimweri mzee. Ilikuwa safari ya majaribio kabla ya ile kubwa ya kwenda maziwani, na walisafiri na vitu vichache. Katika ngome ndogo ya Sultani wa Zanzibar huko Chogwe, juu kidogo ya mto, walimpata askari mmoja Myao ambaye jina lake limebaki kuliko majina ya wengi waliokuwa wakubwa wake: Sidi Mubarak Bombay. Walilala palipopatikana, mvua na baridi ya milima vikawapata, na waliporudi Pangani walikuwa hoi kwa homa. Bombay aliendelea. Alikwenda na Speke mpaka Nyanza na Nile, akawa na Stanley mwaka 1871, akavuka bara zima na Cameron kati ya 1873 na 1875. Kati ya watu wote waliopita Ruvu karne ile, yeye ndiye ningetamani kumwuliza mahali pa kutandika.

Wajerumani walipoitwaa nchi, uwindaji ulianza kuandikwa vibali. Amri ya wanyamapori ya Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 iliweka leseni na kutenga mapori ya kwanza ya akiba. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo mwindaji aliweza kushuka behewani na masanduku yake, kuajiri wapagazi stesheni, kuvuka mto na kuelekea kusini kwenye miyombo ya Handeni, nchi ya palahala, tandala, pofu, kuro na nyati. Kando ya reli hiyo hiyo mashamba ya mkonge yalikuwa yanapanuka. Dakta Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche kutoka Florida miaka ya mwanzo ya 1890, na 62 tu iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo yalitoka mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mnyuzi na Hale, na kamba ya mkonge ikawa kamba ya kila hema lililopigwa kwetu. Ni kamba nzuri, lakini ina tabia yake. Ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Mlinzi wa kambi anayejua kazi huamka mvua inapoanza, akazilegeza kidogo, ama sivyo vigingi vitang'oka au turubai litachanika penye pete.

Hema lenyewe lilikuwa limebadilika. Benjamin Edgington wa London aliwatengenezea mahema wasafiri wengi wa Afrika, na hema la namna hiyo lilikuwa la turubai zito la pamba, la kijani, lililotiwa dawa ya shaba ili lisioze. Lilikuwa na mapaa mawili. La ndani ndilo chumba, la nje lilitandazwa juu yake kwa nafasi ya kiganja au zaidi, na nafasi hiyo ndiyo siri yote. Jua la saa saba hupiga paa la nje, hewa hupita katikati, na aliye ndani hupumua. Mvua hugonga paa la nje, nyuzi za pamba huvimba na kuziba matundu, na maji huteremka kwenye kingo. Lakini ukigusa paa la ndani kwa kidole wakati turubai limelowa, maji yatafuata kidole chako na kudondoka hapo usiku kucha. Wapishi na maboi wa kambi waliwaonya wageni jambo hilo, na wageni waligusa.

Hema moja la namna hiyo lilikuwa mizigo miwili au mitatu ya watu, pamoja na nguzo. Kitanda cha kukunja na matandiko vilikuwa mzigo mwingine. Bafu la turubai, meza, kiti, sanduku la sahani, vyote vilikuwa mabega ya watu. Kwa hiyo kuchagua hema wakati ule kulikuwa kuchagua idadi ya watu wa kuwalisha, na kila futi iliyoongezwa kwenye hema la bwana ililipwa kwa posho. Upande wa Waingereza, Nairobi, ilikuja kuwa kawaida ya lazima kwamba kila mpagazi apewe blanketi, fulana ya sufi na chupa ya maji, na hema dogo kwa kila watu watano au sita. Watano katika hema ambalo bwana asingelala humo peke yake. Hata hivyo lilikuwa jambo, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na chochote.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Mei 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Smuts lilishuka bonde la Ruvu kutoka Kilimanjaro. Juni 15 Korogwe ilianguka, siku chache baadaye Handeni, na Juni 24 wakapigana Lukigura. Wajerumani walikuwa wamejenga njia ya vitoroli vya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo mpaka Handeni, na kwayo waliondosha mizigo yao. Waliokuwa wakiwafuata walikwenda mbele kuliko mizigo yao. Mahema yalibaki nyuma, blanketi zilibaki nyuma, chakula kilipungua, farasi walikufa kwa ndorobo, na askari walilala chini mahali jioni ilipowakuta, mara nyingi katika kambi ambazo adui alikuwa ametoka asubuhi. Nchi ile ile iliyomlisha Mbegha iliwalaza kwa malaria na kuhara. Miongoni mwa vikosi vilivyopigana Lukigura kilikuwamo kile cha 25 cha Royal Fusiliers, ambacho kilikusanya wawindaji na watu wa porini, na miongoni mwa maofisa wake alihesabiwa Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho Januari 1917. Ujuzi wa porini ulikuwamo kikosini, lakini hakuna ujuzi unaokinga mbu bila chandarua. Na wapagazi wa vita, wa pande zote mbili, ambao hata blanketi hawakuwa na hakika nalo, walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo. Kila ninapoona picha za wakati ule, mahema meupe yamepangwa mstari, hutazama pembeni mwa picha kuwatafuta wao.

Safari ya uwindaji iliyoitangaza nchi hii kuliko zote ilikuwa ya mwandishi Ernest Hemingway. Alifika Mombasa Desemba 1933 na mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mzoefu aliyekuwa amewinda na Roosevelt mwaka 1909. Katikati ya Januari Hemingway alishikwa na amiba, akachukuliwa kwa ndege mpaka Nairobi kutibiwa, kisha akarudi. Februari 1934 walikuwa magharibi ya Handeni, upande wa Kibaya na Kijungu, wakitafuta tandala mkubwa, na kitabu chake cha mwaka 1935 kimejengwa juu ya siku hizo za mwisho. Kinachosukuma habari nzima ni mvua. Mvua ilikuwa inakuja kutoka kusini, na ikishafika barabara ingekuwa tope na malori yasingetoka. Kila jioni kambini walipiga hesabu ya mawingu.

Malori yalikuwa yamegeuza mambo. Uzito haukuhesabiwa tena kwa mabega, hivyo hema lilirefuka, likaongezwa hema la kulia chakula, na maji ya moto ya bafu yakawa desturi ya kila jioni. Lakini lori lina amri zake. Kambi ilipigwa gari lilipoweza kufika, wakati kambi ya wapagazi ilipigwa ardhi ilipofaa. Mtu akitaka kuwafuata wanyama mbali alilazimika kuacha kambi kubwa na kwenda na vitu vichache, na ndivyo Hemingway alivyofanya: siku za mwisho, Pauline na Percival walibaki kambini, naye akaenda mbele na wasoma nyayo. Huko ndiko alikopata tandala wake.

Katika safari hiyo walikutana barabarani na mtu mmoja aliyeharibikiwa lori, Mwaustria aliyekuwa akisimamia shamba, na kitabuni amepewa jina la Kandisky. Jina lake la kweli lilikuwa Hans Koritschoner. Baadaye akajiita Hans Cory, akawa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, akakusanya sheria na mila, na mwaka 1956 akachapisha kitabu kuhusu vinyago vya udongo vya unyago na jando vya makabila kadhaa, wakiwamo Wazigua na Wasambaa. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiye mgeni wa safari ile aliyebaki akauliza maswali kwa wenye nchi, na namheshimu kwa hilo.

Mapori yamepungua tangu hapo. Mkomazi lilifanywa pori la akiba mwaka 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa. Mwaka 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Mashamba ya mahindi, mkonge na machungwa yameingia palipokuwa na nyati. Bado kuna vipande vya pori Handeni ambako uwindaji wa leseni huendelea, na kambi zake hupigwa mvua za masika zikishakwisha.

Ukinunua hema leo kwa nchi hiyo, usidanganywe na wepesi wa nailoni. Nailoni imeundwa kwa mtu anayebeba mgongoni kwenye mlima wa baridi. Handeni, saa sita mchana, ni tanuri, na usiku pumzi yako hugeuka maji juu ya kitambaa na kukurudia matone. Turubai la pamba, au la pamba iliyochanganywa, lenye paa la pili na madirisha makubwa ya wavu pande mbili zinazotazamana, ndilo linalofaa, ilimradi gari lipo. Lianikwe likauke kabla ya kukunjwa, hata kama safari itachelewa nusu siku, kwa maana ukungu ukishaingia hautoki. Sakafu iwe imeshonwa na kuta, ikiwa nzima kama beseni, kwa sababu nge, siafu na papasi hupitia chini. Kitanda kiwe na miguu. Godoro liwe jembamba, na blanketi liwepo hata Julai ukidhani ni joto: usiku wa kipupwe pale Handeni, kwenye mwinuko, humtetemesha mtu wa pwani.

Mahali hushinda vyote hivyo. Mbali na kisima wanakonywea wanyama, maana hiyo ni njia yao na ni nyumba ya mbu. Mbali na mti wenye tawi kavu. Si juu ya kambi ya zamani. Majivu ya moto yasitupwe ovyo. Yanyunyize kuzunguka hema na miguu ya kitanda, siafu watapita kando. Mfereji mfupi uchimbwe upande wa juu wa mteremko siku ya kwanza, kabla ya wingu.

Na chandarua. Korogwe ina kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ilikuwa moja ya sehemu 11 za Afrika zilizojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Watafiti wake walipima damu katika vijiji vya wilaya hiyo mwaka hadi mwaka, na katika vijiji vya tambarare waliona maambukizi yakishuka kutoka kama 78 kwa mia mwaka 2003 hadi 13 kwa mia mwaka 2008. Vyandarua vyenye dawa na dawa bora za matibabu vinahesabiwa miongoni mwa sababu. Kitambaa cha matundu, cha bei ya kuku mmoja au wawili, kimefanya katika bonde la Ruvu kazi ambayo turubai la Edgington halikuifanya.

Katika kambi za leo mgeni hupata chandarua hata kama hema lake lina wavu kwenye zipu zote. Mpishi anayeamka saa kumi alfajiri, mchunaji anayemaliza ngozi usiku wa manane kwenye taa, msoma nyayo ambaye bila macho yake hakuna uwindaji, hao hulala nyuma ya jiko, wengine katika hema dogo la watu watano, wengine katika kibanda cha nyasi kilichojengwa jioni kama vile vya misafara. Wao ndio wanaokaa msimu mzima, wageni wakija na kuondoka. Anayepanga vifaa vya kambi Handeni aanze hesabu ya vyandarua, vitanda na sakafu kwao, kisha ndipo aulize mgeni anataka hema la futi ngapi.